DAWA YA NGUVU YA CHUPA: JE, KWELI INAONDOA SUMU MWILINI?



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), ambaye hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na tiba yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kila Ijumaa baada ya swala, nje ya misikiti yetu mingi utakuta meza zimepangwa misuwaki, udi, kofia, tende na chupa za dawa. Katika chupa hizo haikosekani ile inayoitwa dawa ya nguvu. Kwa maelezo ya muuzaji, ndani yake mna asali, habbat sawda, tangawizi, mdalasini, karafuu na mizizi ambayo mwenyewe hapendi kuitaja. Sifa zake ni nyingi: inaondoa uchovu, inasafisha damu, inatoa sumu, inarudisha ujana. Na siku hizi limeongezwa neno la kitaalamu: ina antioksidanti nyingi.

Wasomaji kadhaa wameniuliza, je, maneno hayo ni kweli? Kabla sijajibu, yanipasa nikiri jambo.

NILIYOMFANYIA MJOMBA WANGU

Mwaka wangu wa kwanza kazini kama tabibu, mjomba wangu, fundi seremala, alinilalamikia kuwa mwili umekwisha nguvu. "Mpwa wangu, siku hizi hata randa inanishinda," alisema. Mimi, mwenye cheti kipya cha utabibu na miaka yangu ya madrasa, sikumuuliza swali hata moja. Nilitoka msikitini Ijumaa ile nikamnunulia chupa mbili za dawa ya nguvu. Nikampelekea na maelezo juu: "Mjomba, hii ina habbat sawda na asali. Ni Sunna, tena ina antioksidanti." Akaanza kunywa vijiko viwili, kutwa mara tatu.

Baada ya wiki sita akapata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, nacho kikakataa kupona. Nilipompima sukari ilikuwa 26. Mjomba alikuwa mgonjwa wa kisukari asiyejijua, na mimi nilikuwa nikimnywesha asali. Mkewe aliniambia jambo ambalo sijalisahau: usiku mjomba alikuwa akiamka mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, na wote wawili walifurahi wakisema dawa inatoa sumu. Kumbe ilikuwa ni sukari inayovuta maji kutoka mwilini. Mjomba alikatwa vidole viwili vya mguu.

Hakunilaumu. Alisema, "Ulinipa kwa mapenzi." Lakini mapenzi bila elimu yaliniponza, na ndiyo sababu naandika makala haya. Sikuja kuitukana habbat sawda wala kuwaharibia watu biashara zao. Nataka tuelewe kilichomo ndani ya chupa, kinafanya nini na hakifanyi nini.

ANTIOKSIDANTI NI NINI?

Mwili wako huunguza chakula kwa hewa ya oksijeni ili upate nguvu, kama jiko linavyounguza mkaa. Jiko hutoa moto, lakini hutoa na cheche. Cheche za mwilini wataalamu huziita chembe huru. Ni chembe zilizopungukiwa na elektroni, basi huenda kupora kwa jirani. Jirani aliyeporwa naye hupora kwa mwingine, na uharibifu huenda hivyo kama moto wa makuti. Chembe hizi hutokana na kazi ya kawaida ya mwili, na huongezwa na moshi wa sigara, moshi wa kuni na magari, jua kali, na maradhi kama kisukari.

Mfano wake unauona jikoni kila siku. Menya kiazi mviringo au kata tofaa uliache mezani, baada ya muda mfupi litakuwa jeusi. Hiyo ni kazi ya oksijeni. Ukilikamulia ndimu halibadiliki rangi upesi, kwa sababu ya ukali wa ndimu na vitamini C iliyomo. Vitamini C ni antioksidanti: hutoa elektroni yake, ikaizima cheche kabla haijaunguza kitu cha maana.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Denham Harman, alitoa rai kwamba uzee wenyewe unatokana na uharibifu wa chembe huru. Tangu hapo watu wakaona jambo ni jepesi: kama cheche zinazeesha, basi tunywe vizima cheche vingi, tubaki vijana. Hapo ndipo lilipoanzia soko la antioksidanti duniani, mpaka likafika kwenye meza ya nje ya msikiti.

MWILI UNA ZIMAMOTO WAKE

Jambo la kwanza ambalo muuzaji hakwambii ni kwamba Allah (SW) hakuuacha mwili bila kinga. Mwili hutengeneza antioksidanti zake wenyewe. Ipo glutathioni, ambayo hutengenezwa kwa wingi kwenye ini, na vipo vimeng'enya vinavyozima cheche mamilioni kwa mamilioni kila sekunde. Vimeng'enya hivyo vinahitaji madini kama zinki, shaba na seleniamu, ambayo hupatikana katika chakula cha kawaida. Na sumu halisi za mwilini hutolewa na ini na figo. Hakuna kijiko cha dawa kinachoweza kuchukua kazi ya viungo hivyo viwili.

Jambo la pili ni kwamba si kila cheche ni adui. Chembe nyeupe za damu huua vijidudu kwa kuvimwagia chembe huru. Hata dawa ya malaria tunayotumia leo, dawa mseto yenye artemisinini, hufanya kazi kwa namna hiyo: ikikutana na madini ya chuma ndani ya kimelea hutoa chembe huru zinazomuua. Mwili unataka mizani. Moto uliozidi huunguza nyumba, lakini ukizima moto wote hutopika.

WALIPOJARIBU KUWAPA WATU NYINGI

Wataalamu walilijaribu jambo hili. Nchini Finland walichukuliwa wanaume 29,133 wavutaji sigara, baadhi yao wakapewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti inayopatikana katika karoti na maboga. Ilitarajiwa saratani ya mapafu ingepungua. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nako ulifanyika utafiti wa watu zaidi ya 18,000, wavutaji sigara na waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na mwaka 1996 ikatangazwa kuwa saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliopewa vidonge.

Tuelewane hapa. Hii haina maana kuwa karoti ni mbaya. Wanaokula matunda na mboga kwa wingi huwa na afya bora, hilo halina ubishi. Maana yake ni kuwa kitu kilichowekwa na Mola wetu ndani ya chakula, kwa kipimo na pamoja na wenziwe, si sawa na kitu hicho hicho kilichokusanywa peke yake na kunywewa kwa wingi.

Pia tahadhari na hoja ya vipimo vya maabara. Ni kweli karafuu yetu ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza. Watafiti wa Norway walipima vyakula na viungo zaidi ya 3,100 na kutoa matokeo mwaka 2010, na katika viungo karafuu kavu ndiyo iliyokuwa juu. Lakini kipimo hicho ni cha ndani ya chupa ya maabara, siyo ndani ya damu ya mtu. Sehemu kubwa ya vitu hivyo havivuki utumbo kama vilivyo. Kwa sababu hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa na jedwali mashuhuri la namna hiyo, iliamua kuliondoa mwaka 2012, kwani wafanyabiashara walikuwa wakilitumia kuwapotosha watu.

HABBAT SAWDA: SUNNA NA UTAFITI

Ndugu msomaji atasema: vipi kuhusu hadithi? Naam. Katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (RA) kwamba Mtume (SAW) ameeleza kuwa katika habbat sawda mna ponya ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Muislamu hana shaka na hilo. Lakini waliotufikishia elimu hii wametufunza na namna ya kuielewa. Imam Al-Khattabi amesema kuwa tamko hilo ni la jumla lakini makusudio yake ni mahususi. Ibn al-Qayyim naye katika maelezo yake ya tiba ya Mtume ameliegemeza kwenye maradhi ya baridi, na akataja kuwa lugha ya Qur'an nayo hutumia neno "kila kitu" kwa maana kama hiyo. Hawa hawakuwa watu wa kuipinga Sunna. Walijua kuwa tabibu hutazama ugonjwa, mgonjwa, kipimo na wakati.

Na utafiti unasema nini? Miaka ya 1960 watafiti wa Misri walitenga ndani ya mafuta ya habbat sawda kitu kinachoitwa thaimokwinoni, ambacho katika maabara ni antioksidanti yenye nguvu. Upo pia utafiti wa Saudi Arabia uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu wagonjwa 94 wa kisukari. Walipewa gramu 1, 2 au 3 za habbat sawda kwa siku, na waliopewa gramu 2 sukari yao ilishuka vizuri ndani ya wiki 12. Habari njema! Lakini tazama mambo matatu. Kwanza, wagonjwa wale waliendelea na dawa zao za hospitali. Habbat sawda iliongezwa juu yake. Pili, kipimo kilijulikana. Tatu, walipimwa damu mara kwa mara. Na habbat sawda ile haikuwa imezamishwa ndani ya asali. Mjomba wangu hakupata hata moja katika hayo.

KWA NINI BASI WATU HUHISI NGUVU?

Mtu atasema, "Mimi nimekunywa na nimepata nguvu." Simkanushi. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kijiko kikubwa kimoja kina gramu 17 hivi za sukari. Sukari hupanda upesi na huleta uchangamfu wa muda. Tangawizi hupasha mwili joto. Mtu akitarajia kupata nguvu huwa anaihisi, na hilo nalo lina athari yake.

Lipo na la nne ambalo ni la hatari: dawa ya dukani iliyochanganywa kwa siri. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliyaonya makampuni manne yaliyokuwa yakiuza bidhaa za asali za kuongeza nguvu, baada ya maabara kukuta ndani yake sildenafili au tadalafili, dawa za nguvu za kiume ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akinywa asali ya namna hiyo, presha yake inaweza kuporomoka ghafla hata akafa. Basi chupa ikikupa nguvu ya ajabu ndani ya saa moja, usiseme subhanallah peke yake. Jiuliza mna nini ndani.

MADHARA YANAYOWEZA KUINGIA NYUMBANI

Mwenye kisukari au presha. Asali hupandisha sukari. Kwa upande mwingine, habbat sawda ikichanganyika na vidonge vya hospitali inaweza kuishusha sukari au presha kupita kiasi. Yote mawili ni hatari, kwa hiyo mwambie tabibu wako kila unachotumia. Usifiche ukidhani atakukaripia.

Mtoto mchanga. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, wala kulambishwa dawa ya chupa. Asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu kiitwacho botulinamu ambacho tumbo la mtoto bado haliwezi kukizuia, na hulegeza misuli mpaka pumzi ikakwama.

Mama mjamzito. Habbat sawda kidogo kwenye mkate haina tatizo. Kuinywa kwa vijiko kama dawa, pamoja na mizizi isiyojulikana, ni jambo la kuepukwa.

Mwenye upungufu wa damu. Hapa mna ajabu. Zile antioksidanti za chai, karafuu na mdalasini hushikamana na madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Mama anayemeza vidonge vya kuongeza damu kisha akashushia na dawa ya nguvu au chai, anajipunguzia faida. Aache ipite saa moja au mbili. Lakini chungwa, pera au ndimu husaidia chuma kiingie.

Usafi na kuchacha. Wahenga hawakukosea kuisifu asali kwa kutooza: ikiwa halisi ina maji machache mno, hamira haiwezi kuongezeka humo. Lakini ikichanganywa na maji na tangawizi mbichi, ikatiwa kwenye chupa ya maji iliyookotwa na kuanikwa juani, hamira huamka na kuanza kuigeuza sukari kuwa kileo. Chupa inayofoka unapoifungua, yenye povu na harufu ya togwa iliyochacha, imeshaanza safari hiyo. Mtume (SAW) aliulizwa kuhusu kinywaji cha asali cha watu wa Yemen kilichoitwa bit'i, na jibu lake lilikuwa kuwa kila kinywaji kilevyacho ni haramu. Muislamu anayenunua chupa kwa nia ya Sunna, kisha akainywa inafoka, ana haja ya kujitazama upya. Imwage.

UCHOVU NI ALAMA, SIYO UGONJWA

Hili ndilo ningetaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Uchovu ni kama moshi juu ya paa: usikimbilie kuufukuza moshi, tafuta unakotoka. Uchovu wa wiki mbili au zaidi unaweza kuwa ni upungufu wa damu, malaria, minyoo ya safura, kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa moyo au figo, mimba changa, huzuni iliyokaa moyoni, au usingizi usiotosha.

Nenda kituo cha afya mapema ukiwa na dalili hizi pamoja na uchovu:

- Kiu nyingi, kukojoa sana usiku, au kupungua uzito. Pima sukari. Ikifika 7.0 kabla ya kula chochote asubuhi, si ya kupuuza, rudi upimwe tena.
- Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku. Pima makohozi.
- Moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida ukipanda ngazi, viganja na macho kuwa vyeupe. Pima wingi wa damu. Mama mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu.
- Miguu kuvimba au kukosa pumzi ukilala chali.
- Homa. Usikisie, pima malaria.

UKITAKA KUITUMIA, ITUMIE HIVI

Sisemi uiache habbat sawda. Mimi mwenyewe ninayo nyumbani. Nunua punje nzima, zipembue na kuziosha, zianike kivulini, na usage kidogo kidogo, kwani mafuta yake huharibika kwa jua na kukaa wazi. Weka kwenye chupa safi, kavu, yenye kifuniko. Kijiko kidogo kimoja kwa siku kinamtosha mtu mzima mwenye afya. Asali nunua peke yake kwa mtu unayemwamini, na changanya mwenyewe wakati wa kutumia. Dawa ya kiasili iliyofungwa, uliza kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na usichukue chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe.

Na kama unachotafuta ni antioksidanti, sokoni zimejaa kwa bei ya chini. Pera moja lina vitamini C kuliko chungwa. Ubuyu, mapapai, maembe, nyanya, mchicha, matembele, maboga na njugu, vyote ni hazina. Mboga usizichemshe mpaka zikapoteza rangi, maana vitamini C hupotea kwa moto na maji mengi. Fedha ya chupa moja hununulia watoto matunda ya siku kadhaa. Lala mapema, tembea, acha sigara. Hakuna dawa ya chupa inayomsafisha mvutaji anayeendelea kuvuta.

Ndugu zangu mnaouza dawa hizi nao nawausia. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kuwa anayetibu watu naye hajulikani kwa elimu ya tiba, huyo ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Mimi nilikuwa na cheti, na bado naogopa swali hilo nitakapoulizwa juu ya vidole viwili vya mjomba wangu. Anayekuja mezani kwako akisema amechoka, muulize kwanza: umepima?

Mjomba yu hai, alhamdulillah. Anameza dawa zake za sukari, anakula habbat sawda kidogo juu ya mkate wa unga usiokobolewa, na randa ameirudia. Kila nikienda kumsalimia hunyoosha mguu wake nimkague, akinitania, "Tabibu, leo umeniletea chupa?" Nami humjibu, "Leo nimeleta kipimo, mjomba."

Tunamuomba Allah (SW) atupe elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.